Muulize Shangazi: Boti nyembamba, loki na baridi ya Uingereza

Tangu nilipotaja katika safu hii kwamba mimi na mume wangu tunaishi ndani ya boti kwenye mfereji wa Grand Union, barua za boti zimekuwa nyingi kuliko za ndoa na mirathi. Nyingi hufika kuanzia Oktoba. Shule za nyumbani zikikaribia kufunga, wazazi wanapanga kuja huku Desemba kuwaona watoto wao, na hakosi mtu wa kuwaahidi safari ya mferejini. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa boti na baridi.

Kwa asiyewahi kuziona, hizi ni boti za chuma zenye upana wa mita mbili na kidogo tu, na urefu unaoweza kufika mita 22. Zamani zilibeba makaa ya mawe, vyombo vya udongo na nafaka. Leo ni nyumba za watu na boti za mapumziko. Sheria inaziruhusu kwenda kilomita 6 na nusu kwa saa, si zaidi, na mwendo wa kawaida ni mdogo kuliko huo. Sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, zaidi ya kilomita 3,000, tangu 2012 iko mikononi mwa shirika la hisani la Canal & River Trust.

*Shikamoo Shangazi. Mwalimu wetu wa jiografia amesema Uingereza kuna boti zinazopanda mlima. Ni mashine gani inayozinyanyua? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mwanza)*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, na karibu kila mahali hakuna mashine inayonyanyua boti. Kazi yote inafanywa na maji yenyewe.

Penye mwinuko walijenga loki. Ni chumba cha matofali au mawe kilichozama ardhini, chenye malango mazito huku na huku. Mfereji wa upande mmoja uko juu, wa upande wa pili uko chini. Boti inayopanda huingia kwa lango la chini, nalo hufungwa nyuma yake. Kisha mtu mmoja, aliyekwisha kushuka na hendeli ya chuma mkononi, anakwenda kwenye lango la juu, anaivisha hendeli kwenye mtambo wa meno na kuanza kuzungusha. Kule chini usikoona, kilango kidogo kinanyanyuka na maji ya juu yanamiminika chumbani. Boti inapanda nayo. Mshika usukani, ambaye dakika chache kabla alikuwa anatazama ukuta wa matofali wenye utelezi wa kijani, anaanza kuona viatu vya watu, halafu magoti, halafu nyuso zao.

Maji ya ndani yakilingana na ya nje, unaegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya lango na kusukuma kwa miguu, nalo linakubali. Yakiwa hayajalingana, hata kwa sentimita chache, hamlifungui hata mkiwa wanne. Malango mawili yanapokutana hufanya pembe inayoelekea upande wa maji ya juu, kwa hiyo kadiri maji yanavyoyasukuma ndivyo yanavyozidi kubanana. Hayana kufuli wala komeo.

Pale Hatton, karibu na mji wa Warwick, kuna loki 21 zinazofuatana, na boti hupanda mita 45 hivi katika mwendo wa kama kilomita 3. Chumba kimoja cha Hatton kinameza kama lita laki mbili za maji kila kinapojazwa, na maji hayo yote huteremka bondeni. Ndiyo maana sehemu ya juu ya mfereji huhitaji mabwawa ya kuulisha, na siku hizi mahali pengine kuna pampu za kurudisha maji juu. Pampu zipo, ila hazigusi boti. Mwulize mwalimu wako pia kuhusu Panama, ambako meli hupandishwa kwa njia hiyohiyo hadi Ziwa Gatun, mita 26 juu ya bahari. Suez haina loki hata moja, kwa sababu bahari zake mbili ziko karibu usawa mmoja.

*Shangazi, wazazi wangu wanakuja kutoka Mombasa wiki ya mwisho ya Desemba. Nataka kukodi boti siku tatu, tutoke Braunston tufike Warwick na kurudi. Baba ana miaka 71, mwanangu mdogo ana mitano. Sijawahi kuendesha boti. Inawezekana? (Baba wa watoto watatu, Leicester)*

Boti utapata. Wakodishaji wengi hufunga Novemba mpaka Machi, lakini wapo wanaofanya kazi mwaka mzima. Safari uliyoipanga ndiyo haiwezekani, na ni afadhali nikwambie mimi leo kuliko uje kuambiwa na giza katikati ya loki za Stockton.

Piga hesabu nami. Kutoka Braunston hadi Warwick ni zaidi ya kilomita 25, na njiani kuna loki zaidi ya ishirini, zote pana na nzito. Loki moja huchukua robo saa kwa watu wanaojua kazi; nyinyi mtatumia dakika ishirini na zaidi. Mwishoni mwa Desemba jua huku linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Ukiondoa chai ya asubuhi na muda wa kutafuta pa kufunga kabla giza halijaingia, unabaki na saa sita za kazi. Kwa hiyo kwenda tu kutawamalizia siku mbili na zaidi. Boti ya kukodi huruhusiwi kuiendesha usiku, na hata ingeruhusiwa, mtu asiye mzoefu hana biashara kwenye loki gizani.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Majira ya baridi ndiyo majira ya matengenezo. Kuanzia Novemba hadi Machi, Canal & River Trust hufunga vipande vya mfereji, hutoa maji kwenye loki na kubadilisha malango yaliyooza. Orodha ya maeneo yatakayofungwa hutangazwa mapema kwenye tovuti yao. Isome kabla hujalipa hata senti.

Ninachokushauri ni hiki. Tokeni Braunston, lakini badala ya kuelekea Warwick shikeni mfereji wa Oxford kwenda kaskazini. Mtapita mashambani kwa zaidi ya kilomita 10 bila loki hata moja, na muda huo utakutosha kuizoea boti. Mkifika Hillmorton, karibu na Rugby, mtakuta loki tatu tu. Ni nyembamba, malango yake mepesi, na kila moja ina pacha wake kando: wakitengeneza moja, mara nyingi ya pili iko wazi. Siku ya pili mnageuza upande wa Rugby, penye nafasi ya kugeuzia, siku ya tatu mnarudi polepole. Watoto watapata loki za kutosha na mzee hatachoka.

Kuhusu mzee, usimweke ndani kama mzigo. Baba wa Mombasa, kama amewahi kukaa katika ngalawa au dau, ataijua kana ya boti hii, yaani mpini wa usukani, mara tu atakapoishika: ukiisukuma kushoto, omo inakwenda kulia. Mpe usukani kwenye kipande kilichonyooka. Ila mvishe vizuri kuliko unavyodhani inahitajika, maana anayesukuma malango hupata joto la kazi, lakini mshika usukani amesimama tuli juu ya bamba la chuma, na baridi inampandia kwa miguu. Soksi mbili za sufu, viatu vyenye nafasi ya vidole kuchezacheza, na kipande cha zulia nene au mpira wa kusimamia. Mpokezane kila nusu saa. Mimi humnyang'anya mume wangu usukani hata akikataa, kwa sababu aliyepoa sana huwa wa mwisho kujua kwamba amepoa.

Sasa loki yenyewe. Nikipewa nafasi ya kumfundisha mgeni jambo moja tu, namfundisha kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna ngazi pana ya zege au mawe iliyotokeza ndani ya chumba. Loki ikijaa haionekani. Boti inaposhuka na maji, kama tezi imebaki juu ya ngazi hiyo, maji yanaondoka, nyuma inakwama juu ya kizingiti na omo inaendelea kushuka. Boti inaweza kuinama na kujaa maji kwa muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii. Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinapoishia. Mkiwa mnashuka, boti nzima pamoja na usukani wake iwe mbele ya mstari huo, na mtu mmoja asimame juu ya ukingo kazi yake ikiwa kutazama hilo tu. Akipiga kelele, vilango vya chini vifungwe papo hapo, kisha vya juu vifunguliwe taratibu kurudisha maji. Kamba nayo usiifunge kwa fundo mnaposhuka. Izungushe mara moja kwenye nguzo na uishike mkononi iteleze, la sivyo boti itaning'inia.

Asubuhi ya jalidi, kila kitu hapo juu kina ngozi nyembamba ya barafu: matofali ya ukingo, ubao wa kuvukia juu ya malango, boriti. Usivuke juu ya lango kama lina daraja jirani, zunguka. Mtoto wa miaka mitano abaki ndani boti inapokuwa lokini, au nchi kavu akiwa ameshikwa mkono na mtu asiye na kazi nyingine, na avae jaketi la kuokolea maisha wakati wote awapo nje. Hendeli usiiache hata sekunde moja ikiwa imevishwa kwenye mtambo. Kuna kijino kinachouma gurudumu la meno lisirudi. Kikiteleza, hendeli inazunguka peke yake kwa nguvu ya kuvunja mkono, na grisi iliyoganda kwa baridi hufanya kijino kisikae sawasawa. Kihakikishe kwa macho. Kilango ukikishusha, kishushe kwa kuzungusha, usikiachie kianguke.

Na usimwahidi mzee wako mji wowote. Mwambie mnakwenda mferejini siku tatu, basi. Maji yakiganda usiku wa kwanza, mtakaa hapohapo Braunston mkiota moto, na hiyo nayo ni safari.

*Assalaam aleikum Shangazi. Mwanangu anaishi ndani ya boti London kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda. Kila nikisikia theluji imeanguka huko silali. Si ataganda? (Mama, Zanzibar)*

Waaleikum salaam, dada yangu. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja.

Kuganda hataganda. Boti iliyowekewa vizuizi vya baridi kwenye kuta na yenye jiko zuri hupata joto kuliko vyumba vingi vya kupanga vya London, maana nafasi ni ndogo na moto uko katikati yake. Jiko lenyewe ni la chuma cha kusubu, lina mlango wa kioo na dohani inayotokea juu ya paa. Usiku anatia makaa ya mawe yasiyotoa moshi mwingi, anapunguza hewa, na asubuhi anakuta kaa jekundu bado lipo. Juu yake birika la maji ya moto halikosi.

Kinachoninyima usingizi mimi kuhusu vijana hawa ni hewa ya sumu, ile kaboni monoksidi. Wewe unaijua, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayoua watu nyumbani wanapoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha usiku wa mvua. Haina harufu, haina rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni mafua, anajilaza, na haamki. Ndani ya boti inatoka kwenye jiko lenye mlango uliolegea, dohani iliyoziba masizi, injini ya jirani, au ndoo ya majivu ya moto iliyowekwa ndani ili isipeperushwe na upepo.

Basi mpigie leo umwulize mambo haya, na akuoneshe kwa video, usikubali maneno matupu. Je, ana king'ora cha hewa hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya boti? Tangu Aprili 2019 ni lazima ili boti ipate cheti cha usalama, ambacho hukaguliwa kila miaka minne. Akibonyeze kile kitufe cha kujaribia nawe ukisikie kikilia. Je, matundu ya hewa mlangoni na darini yako wazi? Wengi huyaziba kwa vitambaa kwa sababu yanaingiza baridi, na hapo ndipo msiba huanzia. Dohani ameisafisha lini? Kuni anazochoma ni kavu? Kuni mbichi hujaza lami dohani na joto lake ni dogo. Na mwambie, kwa sauti yako wewe mama yake, asiingize botini jiko la mkaa la kuchomea nyama hata kama limeonekana kuzimika.

Kuhusu sheria, kama hana mahali pa kudumu pa kufunga boti, sheria ya mwaka 1995 inamtaka asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Barafu ikimzuia, awaarifu Canal & River Trust mapema. Hiyo ni sababu inayokubalika.

Maji ya kunywa na choo ndiyo yanayomchosha zaidi wakati huu, kwa kuwa mabomba ya umma huganda. Ajaze tangi kabla baridi kali haijafika.

*Shangazi, nimenunua boti mwaka huu, niko Birmingham. Mferejini kuna barafu ya unene wa kidole. Boti yangu ni ya chuma, kwa nini nisiipasue nipite? (Kijana wa Kigoma)*

Unaweza kuipasua. Swali ni nani atakayelipa.

Wa kwanza ni boti yako mwenyewe. Sehemu ya chini umeipaka lami nyeusi ili chuma kisile kutu. Barafu ina ncha kali, na inakwangua lami hiyo palepale kwenye mstari wa maji, mahali ambapo hewa na maji hukutana na kutu hupenda kuanzia. Nenda siku nzima kwenye barafu, halafu tazama ubavuni: utaona mstari unaong'aa, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kutoa boti majini na kuipaka upya ni gharama kubwa.

Wa pili ni jirani. Barafu unayoipasua haivunjiki mbele yako tu. Bamba zima linasukumwa kando na kugonga boti zilizofungwa. Ya chuma itapiga kelele ya kutisha na kumwamsha mtoto. Lakini pale pana boti nyingine za faiba, na bamba la barafu linaweza kulitoboa bodi lake. Ukiona hata moja ya faiba kwenye njia yako, zima injini.

Wa tatu ni wewe, lokini. Umefika, umefungua lango, na vipande vya barafu vinaingia pamoja na boti. Kimoja kinakwenda kukaa nyuma ya lango, kati yake na ukuta, na lango halifunguki mpaka mwisho. Kwenye loki pana si neno, boti moja hupita kwa lango moja. Lakini hapo Birmingham loki zako ni nyembamba. Kati ya ubavu wa boti na ukuta kuna sentimita chache tu. Kipande cha barafu kikijipenyeza hapo boti inakwama, haiendi wala hairudi. Utashika upondo na kuanza kukisukuma na kukivuta, huku umesimama ukingoni pa jalidi. Dafrao, yale matakia ya kukinga boti isigongwe uliyoyaning'iniza ubavuni, nazo uzipandishe kabla ya kuingia, baridi au joto, maana ndizo hukwama kwanza. Wakati huohuo kamba yako iliyolowa jana imekauka ngumu kama fimbo na haikunjiki kwenye nguzo.

Zamani walilazimika kupita, kwa kuwa viwanda vilisubiri makaa. Walikuwa na boti maalumu za kuvunjia barafu. Katikati yake kulikuwa na chuma kirefu cha kushikilia, na wanaume walijipanga wakakishika na kuiyumbisha boti huku na huku kwa miguu, huku farasi wengi wakiivuta kutoka ukingoni. Hata hivyo baridi iliwashinda. Barafu iliyoanza mwishoni mwa Desemba 1962 haikuachia mpaka Machi 1963. Boti zilizosheheni zilibaki zimenaswa, na familia ndani yake, watoto kwa wazee, hazikuwa na kipato, kwani walilipwa kwa mzigo uliofika. Bodi mpya ya serikali ilichukua mifereji hiyo tarehe 1 Januari 1963, baridi ikiwa imepamba moto, na mwaka huohuo ikaacha sehemu kubwa ya biashara yake ya kubeba mizigo kwa boti nyembamba. Wateja walikuwa wameshahamia barabarani na kwenye reli. Watu waliozaliwa na kulelewa kwenye vyumba vya mita tatu, wasiojua maisha mengine, wakaambiwa watafute nyumba nchi kavu. Ninapopita Braunston penye kanisa lao kilimani, ambako wengi wao wamezikwa, huwa napunguza mwendo.

Kwa hiyo, mwanangu, kaa. Washa moto, pika wali, subiri hali ya hewa ibadilike. Jambo jingine dogo: kama mtungi wako wa gesi ni wa buteni, ule wa buluu, badilisha uchukue propeni, mwekundu. Buteni haigeuki kuwa gesi joto likishuka kufikia sifuri, na utaamka asubuhi jiko haliwaki ilhali mtungi umejaa. Propeni inaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi ambayo Birmingham haijawahi kuiona.

*Shangazi, mtu akitumbukia majini wakati wa baridi afanyeje? (Msomaji, Milton Keynes)*

Maji ya baridi humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kutaka, na akiwa chini ya maji wakati huo ndipo hunywa maji. Kwa dakika ya kwanza asihangaike kuogelea. Alale chali, aelee, anyanyue uso, mpaka pumzi zirudi. Mfereji wenyewe mara nyingi hauna kina, akitulia anaweza kukuta miguu inagusa chini.

Lokini ni jambo jingine. Anayeshika usukani atoe gia papo hapo ili panga la injini lisizunguke. Hilo ni la kwanza kabla ya kelele zote. Wa juu afunge vilango vyote maji yatulie. Mrushieni kamba au boya, mwelekezeni kwenye ngazi ya chuma ukutani, na asiruke mtu wa pili kumfuata. Pigeni 999. Akishatoka, vueni nguo zote zilizolowa, mkausheni, mfunikeni, mpeni kinywaji cha vuguvugu kama ana fahamu timamu. Pombe asipewe, wala asiingizwe kwenye maji ya moto.

*Mnapika nini humo? (Wengi wenu)*

Kila kitu. Maharage yanakaa juu ya jiko la kuni tangu asubuhi na jioni yameiva bila kuunguza gesi hata kidogo. Chai ya tangawizi na karafuu haishuki motoni. Samaki wa kukaanga sipiki, harufu inakaa kwenye mablanketi mpaka majira ya kuchipua.

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi botini na mume wangu karibu na Leamington. Januari tunakwenda Tanga kwa mwezi mzima. Tuiacheje boti? (Mama kijacho)*

Marahaba, na hongera. Nisalimieni Tanga, hasa Ngamiani.

Adui yenu ni maji yaliyobaki kwenye mabomba. Yakiganda yanatanuka na kupasua viungo, na hamtajua mpaka mtakaporudi, mkiwasha pampu sakafu inalowa. Siku ya kuondoka zimeni pampu ya maji, fungueni bomba zote, ya moto na ya baridi, kisha mwageni tangi la maji ya moto kwa koki yake ya chini. Bomba ziacheni wazi mpaka mrudi. Bafu msilisahau: shusheni kichwa cha manyunyu chini kabisa kimwage maji yake, kwani kile kifaa cha kuchanganya maji ya moto na baridi ndicho hupasuka mapema kuliko vyote. Tangi la maji safi lisijae. Liacheni nusu, barafu ipate pa kutanukia.

Injini ipimwe dawa ya kuzuia kuganda, na mume wako asikadirie kwa rangi, kuna kipimo cha bei ndogo madukani. Tangi la dizeli lijazeni, kwa sababu nafasi tupu hufanya umande ndani yake. Gesi fungeni kwenye mtungi. Kabati zote na milango ya vyumba iacheni wazi hewa ipite, magodoro yasimamisheni, la sivyo mtakuta ukungu mweusi. Jiko lizimwe kabisa na majivu yatolewe nje yakiwa yamepoa.

Kamba zisikazwe sana, maji ya mfereji hupanda na kushuka kidogo watu wanapotumia loki za jirani. Mwachieni jirani namba yenu na ufunguo, apite kila wiki kutazama kama boti imekaa sawasawa majini na kama pampu ya kutolea maji ngamani, chini kabisa ndani ya boti, inafanya kazi. Akiona tezi imezama kuliko alivyoizoea, apige simu siku hiyohiyo, asisubiri kesho.